Usinunue taa ya mimea kwa kuangalia wati za kwenye boksi

Kama una tenti ndogo ya kuoteshea mimea ndani, ile ya sentimita 60 kwa 60 hivi, na uko kwenye hatua ya kutafuta taa, naomba unisikilize kidogo kabla hujatoa hela. Mimi naotesha pilipili, mrehani na letusi, na kitu kilichonila muda mwingi kuliko udongo, mbolea na maji vikijumlishwa ni taa. Taa ikiwa mbovu hakuna mbolea itakayokuokoa, utahangaika tu.

Taa yangu ya kwanza boksi lake liliandikwa wati 1000 kwa maandishi makubwa. Nikasema hapa nimemaliza, wati 1000 kwa katenti kama haka si jua kabisa. Nikapanda miche ya pilipili, wiki mbili za kwanza inapanda juu kwa kasi nikafurahi, kumbe ilikuwa inarefuka tu kutafuta mwanga, shina jembamba kama uzi, majani mawili matatu yamekaa mbalimbali, ukigusa kidogo mche unalala. Siku moja nikaazima kile kimita cha kuchomeka kwenye soketi kinachosoma umeme unaotumika, nikachomeka taa: wati 104. Nikatoa nikachomeka tena, 104.

Hesabu yao inaendaje? Wanachukua kila kitaa kidogo cha LED, wanasema kinaweza kubeba wati 10, vipo 100, basi 1000, halafu ndani wanakiendesha kwa wati moja tu. Wengine wanaandika taa yao ni "sawa na" wati kadhaa za taa za zamani. Kwa hiyo kitu cha kwanza kutafuta ni wati halisi, zile zinazotoka ukutani. Muuzaji akishindwa kukutajia hiyo namba, mwache na taa yake.

Ila wati nazo ni umeme unaoingia, mmea haunywi umeme. Unachotaka kujua ni mwanga kiasi gani unatoka na kiasi gani unafika kwenye jani. Mwanga ambao mmea unautumia kutengeneza chakula unahesabiwa kwa maikromoli, yaani kipimo cha idadi ya chembe za mwanga, na ni ule wenye urefu wa wimbi kati ya nanomita 400 na 700. Taa nzuri za LED za sasa zinatoa kama maikromoli 2.5 mpaka 3 kwa kila juli ya umeme, na namba hiyo kampuni inayojiamini inaiandika waziwazi. Sasa piga hesabu na mimi, wati moja ni juli moja kwa sekunde: wati 100 mara 2.5 ni maikromoli 250 kwa sekunde. Tenti ya 60 kwa 60 ina eneo la mita za mraba 0.36, gawanya, unapata karibu 690 kwa kila mita ya mraba. Sio zote zitafika kwenye majani, nyingine zinaishia ukutani na sakafuni, toa robo hivi unabaki na mia tano na kitu. Hiyo namba ya mwisho ndiyo wanaiita PPFD, na kwa pilipili inatosha vizuri tu.

Watu wengi wanachanganya hapa kwa hiyo ngoja niseme ninavyoielewa mimi. PPFD ni bomba, yaani maji yanatoka kwa kasi gani. Lakini mmea unajali ndoo, umepata mwanga kiasi gani siku nzima, na ndoo hiyo inaitwa DLI. Ukitaka kuipata chukua PPFD, zidisha kwa saa ambazo taa inawaka, zidisha kwa 0.0036. Mfano 450 kwa saa 16 inakupa karibu 26. Pilipili na nyanya zinafurahia kati ya 20 na 30, letusi inaridhika na 12 mpaka 17, miche midogo hata 8 au 9 inaitosha kuanzia. Ukijua hivi unaona kabisa kwamba mtu wa letusi peke yake hana haja na taa ya wati 100 kwenye tenti ya ukubwa huo, 50 nzuri zinamtosha, na mtu wa nyanya akinunua ya wati 50 atavuna majani.

Ile taa yangu ya kwanza ilikuwa pia ya zambarau, nyekundu na bluu tupu. Wauzaji watakwambia mmea hautumii kijani ndio maana jani ni la kijani. Inaingia akilini ukiisikia ila sio kweli. Mwaka 1972 mtafiti anaitwa Keith McCree alipima mimea ya mazao 22 rangi kwa rangi akaonyesha kijani nayo inafanya kazi kubwa, na mwanga wa kijani unazama ndani zaidi ya jani na unapenya kwenda kwenye majani ya chini. Taa nyeupe ya LED kiini chake ni kitaa cha bluu kilichopakwa fosfori, unga unaogeuza sehemu ya ule mwanga wa bluu kuwa rangi nyingine, ndio maana ina bluu, kijani na nyekundu kwa pamoja. (Ile LED ya bluu ndiyo iliyowapa Akasaki, Amano na Nakamura tuzo ya Nobel mwaka 2014, na mimi kila nikiwasha taa yangu naona kabisa walistahili.)

Lakini sababu yangu kubwa ya kuacha zambarau ni nyingine, ni kwamba huoni mmea wako. Chini ya ule mwanga kila jani lina rangi ya kijivu au nyeusi, la njano huwezi kulitofautisha na zima. Nilikuwa na mrehani mmoja naumwagilia kila siku naona uko sawa tu, siku hiyo nikautoa nje ya tenti kwenda kuupunguza matawi, nikausogeza dirishani, nikageuza jani. Vidoti vya njano vimejaa kama mtu amechoma na sindano, na chini kwenye kikonyo utando mwembamba, ndani yake vidudu vinatembea vidogo kuliko punje ya chumvi. Utitiri. Ulishakaa pale siku nyingi na ulishavuka kwenda kwenye pilipili mbili. Ningekuwa na taa nyeupe ningeona siku ya kwanza au ya pili. Kwa hiyo chukua nyeupe, yenye joto la rangi (namba ya weupe wa mwanga, sio joto la taa) kati ya kelvini 3000 na 4000, ikiwa imeongezewa vitaa vyekundu kidogo ni vizuri pia.

Umbo nalo liangalie. Ubao mmoja mdogo wa katikati unamwaga mwanga mwingi chini yake halafu pembeni giza. Nilipima yangu kwa simu, katikati laksi (kipimo cha mwanga kama jicho linavyouona) elfu 34, kona elfu 15, tofauti zaidi ya mara mbili ndani ya tenti ambayo mkono unafika kila upande! Taa za mihimili, zile zenye fimbo kadhaa zilizotandazwa, zinasambaza vizuri zaidi na unaweza kuzishusha karibu na majani. Kama hela inafika kwenye ubao tu basi zungusha vyungu kila baada ya siku mbili tatu, vya kona viende katikati.

Na hiyo ya kupima kwa simu usiidharau. Zipo programu za bure za kupima laksi, sio sahihi kama kifaa chenyewe ila kulinganisha sehemu na sehemu inafaa sana. Kwa taa nyeupe gawanya laksi kwa 70 unapata PPFD ya kukadiria, laksi elfu 21 ni kama 300. Kwa taa ya zambarau usijaribu, laksi inapima jicho la binadamu na jicho letu halioni vizuri nyekundu iliyokolea na bluu, namba itakudanganya.

Hakikisha taa ina kitufe cha kupunguza mwanga, hiki kwangu ni lazima. Miche naianza taa ikiwa juu sentimita 50 hivi na nguvu kama asilimia 30, halafu napandisha taratibu kila wiki. Mmea ukirefuka na shina jembamba, mwanga haujatosha. Kingo za jani zikijikunja kwenda juu, au majani ya juu kabisa yaliyo karibu na taa yakapauka kuwa meupe wakati ya chini bado ya kijani, umezidisha. Ikianza njano chini kwenye majani ya zamani usikimbilie kugusa taa, hapo mara nyingi ni naitrojeni.

Mtu akikwambia LED haitoi joto, mkatalie. Wati 100 zikiingia kwenye tenti karibu zote zinaishia kuwa joto, nafuu yake tu ni kwamba kwa mwanga uleule LED inakula umeme mdogo kuliko taa za zamani. Chagua taa ambayo draiva yake, kile kisanduku kinachoipa umeme, inatoka ukaiweka nje ya tenti, unapunguza joto ndani bila gharama yoyote. Feni ndogo ya kutoa hewa ni lazima. Ekstensheni isilale sakafuni, humo ndani kuna maji kila siku, itundike, na waya uuache ulegee uning'inie chini ya soketi kabla haujapanda kuingia, ili tone likiteremka lidondokee chini lisiingie kwenye umeme.

Taima nunua hata ya kawaida. Pilipili mimi naipa saa 16, usiku nazima. Usiwashe saa 24 ukidhani unaharakisha, nyanya hasa majani yake yanageuka njano ikikosa giza. Na kabla hujanunua jua bili yako: wati 100 kwa saa 16 ni yuniti 1.6 kwa siku, 48 kwa mwezi.

Ukishafunga taa mpya, siku hiyohiyo pima sehemu tano, katikati na kona nne, andika namba kwenye kipande cha tepu ubandike mlangoni mwa tenti. Mimi baada ya miezi minne nilirudia nikakuta zimeshuka zote, nikadhani taa inachoka. Nikaizima, ikapoa, nikapitisha kitambaa kikavu kwenye vitaa kikatoka cheusi, kuwasha tena namba zikarudi karibu palepale.