Hisa za chipu: maswali ya wasomaji wa Mwanza

Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Nasikia hisa za chipu zinapaa. Ninunue?

Zipi? Chipu ni vipande vidogo vya kielektroniki vinavyoendesha simu na kompyuta. Nvidia hubuni chipu za akili mnemba, TSMC ya Taiwan huzitengeneza. Micron huuza chipu za kumbukumbu, na hizo wewe unazielewa kuliko wengi, maana zinakwenda kama dagaa: kipindi cha giza mzigo hujaa na bei ya gunia hushuka, mbalamwezi ikitoka mzigo huadimika. Mwaka wa fedha 2022 Micron iliuza dola bilioni 30.8, uliofuata, bilioni 15.5. Simu na kompyuta ziliendelea kutumika, ila wateja walikuwa wamejaza maghala wakati wa uhaba wa 2021, wakapunguza kuagiza.

Basi fungua ripoti ya robo mwaka ya kampuni. Chukua thamani ya mzigo ulio ghalani, gawanya kwa gharama ya bidhaa zilizouzwa robo hiyo, zidisha kwa 90. Hizo ndizo siku za mzigo. Zikipanda robo mbili mfululizo huku mauzo yakishuka, subiri. Na usivutwe na hisa inayoonekana rahisi ukilinganisha bei na faida: kwa chipu za kumbukumbu, hisa huonekana rahisi hasa faida ikiwa kileleni, karibu kuporomoka.

Mfumuko wa bei unaingiaje?

Kupitia riba. Juni 2022 mfumuko wa Marekani ulifika asilimia 9.1, na benki kuu yao ikaendelea kupandisha riba hadi asilimia 5.25–5.50 Julai 2023. Riba ikipanda, faida inayotarajiwa miaka ijayo hupungua thamani leo, na hisa hizi zimebeba matarajio mengi. Mwaka 2022 kipimo kikuu cha bei za hisa za chipu kilishuka zaidi ya theluthi.

Naweza kununua kupitia Soko la Hisa la Dar es Salaam?

Hapana, haziko huko. Utahitaji dalali wa nje mwenye leseni. Kwanza uliza benki yako kanuni za kutoa fedha za kigeni. Utajaza fomu W-8BEN, ya kodi ya Marekani kwa wasio raia wala wakazi wake, na gawio, yaani faida wanayogawiwa wenye hisa, litakatwa kodi ya asilimia 30, kwani hatuna mkataba wa kodi na Marekani. Anayekutaka utume pesa kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, usimtumie hata shilingi.

Nina milioni mbili za ada ya Januari. Nizizungushe huko kwanza?

Tafadhali usifanye hivyo. Hata hisa isiposhuka, dola inaweza kushuka: mwishoni mwa 2024 ilitoka zaidi ya shilingi 2,700 hadi chini ya 2,500 ndani ya miezi michache.