Maswali ya Wasomaji: Mtoto hakusema, wewe umejuaje?

Mwezi huu barua nyingi zimehusu riwaya za makuzi, yaani zile zinazomfuata mhusika tangu utotoni hadi anapoingia utu uzima.

Shikamoo mhariri. Niko kidato cha tano, Mwanza. Niliandika insha ya kurasa tatu kuhusu *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, mwalimu akaandika kwa wino mwekundu: "Umesimulia upya." Nilipaswa kufanya nini?

Marahaba. Wewe ulieleza kilichotokea, yeye alitaka kilichodokezwa. Chukua tukio la barua. Zakaria, baba yake Rosa, anagundua kwamba Rosa ameandikiwa barua na kijana Charles, anampiga binti yake kipigo kikali. Ukiishia hapo umesimulia. Sasa weka kando yake mambo yanayokuja baadaye sana: Rosa, akiwa mbali na nyumbani kwa ajili ya masomo, anajitosa katika mapenzi bila kujizuia. Kati ya mambo haya mawili pana pengo, na kuliziba ni kazi yako. Unaweza kudai hivi: fimbo ilimfundisha Rosa kumwogopa baba, haikumfundisha kupima nia ya mwanamume, fimbo ilipobaki kijijini, hofu nayo ikabaki huko. Hilo halipatikani katika tukio moja peke yake. Linapatikana ukiyasoma mawili pamoja, tena ukikumbuka kwamba anayelinda heshima ya nyumba kwa ngumi ni mlevi.

Piga mistari daftarini upate safu tatu. Ya kwanza andika dokezo pamoja na namba ya ukurasa: tendo, kauli, kitu, hata ukimya. Ya pili andika unachokijua kutoka nje ya kitabu kinachohusiana na dokezo hilo. Ya tatu andika hitimisho. Safu ya kwanza ikiwa tupu, hitimisho lako ni ndoto tu. Ikiwa ni ya pili iliyo tupu, jiulize kama hujarudia tu maneno ya mwandishi.

Jina la kitabu linaonyesha jinsi safu ya pili inavyofanya kazi. Katika Litania ya Bikira Maria kwa Kilatini, Maria huitwa *Rosa mystica*; Wakatoliki wanaosali kwa Kiswahili husema "Waridi lenye fumbo". Anayeijua sala hiyo anaona mara moja kwamba msichana wa Ukerewe amebebeshwa jina la usafi usio na doa, kisha anatazama maisha yake yanavyokwenda mpaka anajiua. Hicho ni kinaya, yaani mambo kwenda kinyume na yaliyotarajiwa, na kinauma. Asiyeijua ataona jina zuri la kizungu basi. Lakini usizidishe: wanafunzi wengi hukimbilia kuandika kwamba waridi lina miiba, kwa hiyo Rosa ni mwiba kwa wanaume. Miiba hiyo umeileta wewe kutoka bustanini. Kabla ya kuitumia, onyesha ukurasa ambako riwaya yenyewe inakuongoza kwenye miiba.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, Kitui. Wanafunzi wangu wanajua kutaja tashbihi (kufananisha kwa "kama"), sitiari (kufananisha bila "kama") na tashihisi (kisicho mtu kupewa tabia za mtu), hata kuzihesabu, ila wakiulizwa "ina kazi gani?" wote hujibu "inapamba lugha". Nifanyeje?

Mwalimu, jibu hilo lipigie marufuku darasani kwa muhula mzima. Halina kosa kubwa, ila linafaa kila tamathali, na jibu linalofaa kila mahali halielezi popote.

Wape sentensi moja tu kwa kipindi. Tumetunga hii, msimulizi awe mtoto wa miaka tisa: "Mvua ikinyesha, paa letu lilikohoa usiku kucha, kama babu." Waulize kwa mfuatano huu. Nini kinafananishwa na nini? Paa na babu. Vinashirikiana nini? Sauti inayokatika-katika, uzee, kukosa usingizi. Nini hakishirikiani? Paa halifi, babu atakufa. Kisha swali lenye uzito kuliko yote: kwa nini mtoto huyu ameshika mfano huu na si mwingine? Kwa sababu kikohozi cha babu ndicho anachokisikia kila usiku. Hapo darasa limegundua kwamba ndani ya nyumba ile mna mgonjwa ambaye hakuna aliyemtaja kuwa mgonjwa, na kwamba mtoto amekwisha kuzoea. Tashihisi na tashbihi zimetoa habari, hazikupamba kitu.

Riwaya ya makuzi ina faida ya pekee hapa: mifano ya msimulizi hukua pamoja naye. Chagueni kitu kimoja kinachorudi, kama mlango, bahari, njia au sare ya shule, mkifuate katika nyakati tatu: mwanzoni, mhusika anapoumia mara ya kwanza, na mwishoni. Mlango uliokuwa "mdomo wa zimwi" sura ya kwanza ukawa "mbao nne na bawaba" sura ya mwisho, basi aliyebadilika ni anayeutazama. Kitu kikirudi hivyo, kila mara kikiongezewa maana, kimeshakuwa taashira, yaani ishara ya jambo jingine. Kikitajwa mara moja tu, msiharakishe kukiita hivyo.

Fundisheni pia pengo kati ya anachokijua mtoto na anachokijua msomaji. Zoezi jingine: "Mama alisema ameshashiba alikotoka. Nilipomaliza wali, alikwangua ukoko, akaula akiwa amenipa mgongo." Mtoto amesimulia kwa uaminifu asielewe. Msomaji anaona njaa, na kwa ule mgongo anaona aibu au huruma. Mwanafunzi akisema "mama ana njaa na anaficha", mpe alama. Akisema "baba amewatelekeza", mwambie akuonyeshe neno lililomfikisha huko. Hatalipata.

Naomba ufafanuzi. *Siku Njema* ya Ken Walibora (1996) imechukua jina katika methali "Siku njema huonekana asubuhi". Mbona asubuhi ya Kongowea, mhusika wake mkuu, ni mbaya? Mwandishi alikosea? — Msomaji, Tanga

Hakukosea. Methali ndani ya riwaya ichukulie kama dai linalopimwa, usiichukue kama hukumu. Kongowea Mswahili anafiwa na mama angali mdogo, anateseka, kisha anafunga safari kutoka Tanga hadi Kenya kumtafuta baba. Ukiisoma methali neno kwa neno, siku yake ilikwisha haribika alfajiri. Hivyo una njia mbili: ama riwaya inaipinga methali, ama inakutaka uitafute asubuhi mahali pengine, labda katika kipaji chake, labda katika yale mama aliyomwachia kabla ya kufa. Zote mbili zinatetewa kwa ushahidi. Kumbuka pia kwamba anayesimulia ni Kongowea aliyekwisha kukua. Yeye anaijua jioni tangu ukurasa wa kwanza, na alichagua ni asubuhi ipi atusimulie.

Tena, Kongowea ni mahali Mombasa. Mtoto wa Tanga kubeba jina la upande wa pili wa mpaka ni dokezo la kuandikwa pembeni mapema. Hitimisho lisubiri.

Je, naweza kutoa tafsiri tofauti na ya mwongozo, yaani kitabu cha uchambuzi wa riwaya? — Mwanafunzi, Morogoro

Unaweza. Toa madokezo mawili au matatu kutoka sehemu tofauti za kitabu, nukuu maneno machache tu kwa kila moja, kisha taja dokezo moja linaloonekana kukupinga na ueleze kwa nini halikuangushi. Mwongozo wowote usome baada ya kumaliza riwaya. Ukiutanguliza, utaona madokezo yaliyotajwa humo tu na kuyaruka yaliyosalia.