Kabla dari haijafungwa: kwa fundi umeme anayeanza saiti Zanzibar

Kama umetoka karibuni kituo cha mafunzo ya amali cha Mkokotoni au Vitongoji, au umemaliza Taasisi ya Karume pale Mbweni, umeme unaujua. Waya unajua kuuchagua, saketi unajua kuzigawa, breka unajua kuifunga. Usichofundishwa darasani ni kukaa saiti moja na fundi jipsamu, yule anayefunga bodi za dari na za ukuta, na kontrakta, na hapo ndipo vijana wengi wazuri wanapoharibikiwa. Nimeona fundi hodari akiondoka Paje bila malipo yake ya mwisho, kazi yake haina kasoro, kwa sababu tu ya ugomvi wa dari.

Watu husema ugomvi huu ni wa tabia: yule mjeuri, wale wa Bara hawasikii, hawa wa hapa wanachelewa. Sikubaliani nao. Angalia kila mmoja analipwaje. Wewe unalipwa kwa pointi, yaani kila taa, swichi au soketi. Fundi jipsamu analipwa kwa mita ya mraba. Kontrakta analipwa na mwenye jengo kwa hatua. Basi fundi jipsamu akisimama nusu siku kukungoja uvute waya, nusu siku ile kwake haina hata senti. Kontrakta naye anataka dari ifungwe, maana dari iliyofungwa ikipigwa picha na kutumwa kwa mwenye hoteli huko aliko, anaona kazi inakwenda na hatua inayofuata inalipwa. Waya wako kwenye picha ile hauonekani. Ukilielewa hili hutamchukia mwenzio, na utajua wapi ulegeze na wapi ukaze.

Juu ya hayo kuna msimu. Hoteli nyingi za ufukweni hufunga au hupunguza wageni wakati wa masika, Aprili na Mei, na ukarabati wote unasukumwa humo. Ikifika Juni wageni wanarudi. Mvua inanyesha, bodi za jipsamu zinavushwa kutoka Dar es Salaam, zikichelewa au zikiingia maji zinasubiriwa nyengine, na zile siku zilizopotea mwisho wake hukatwa kwenye muda wako wewe. Utaambiwa, "Fundi, vuta leo, kesho tunafunga." Kubali kuvuta hata usiku, lakini usikubali wafunge kabla hujapima.

Kupima ndiko pa kukaza. Kila saketi ipige mega, kile kifaa cha kupima kama ganda la waya linazuia umeme usivuje, kwa volti 500 kabla bodi haijapanda. Kwa kanuni za Uingereza ambazo wengi wetu tumesomea, chini ya megaohmu 1 saketi haifai, na waya mpya mzima husoma juu zaidi ya hapo kwa mbali. Andika kwenye daftari: chumba, saketi, kipimo, tarehe. Mwite formani, msimamizi wa saiti, aone mshale au namba kwa macho yake, atie saini. Piga picha ukuta ukiwa wazi, na ndani ya picha weka futi ya kupimia ili urefu kutoka sakafuni usomeke. Halafu, na hapa ndipo wengi wanapopuuza, pima tena bodi zikishafungwa lakini skimu, ule upako wa kulainisha bodi, haijapigwa. Kutoboa bodi tupu ni jambo dogo. Kutoboa dari iliyokwishapigwa skimu na rangi kutakugombanisha na watu watatu, maana fundi rangi naye atakuwemo.

Nikupe mfano. Jambiani, chumba kimoja cha kulala, breka ya soketi haikai: ukiipandisha inaanguka papo hapo. Fundi jipsamu anasema waya ni mbovu. Fundi umeme angeweza kujibu kwa sauti, na kwa kawaida hujibiwa kwa sauti. Huyu alifungua daftari. Kipimo cha kabla ya bodi kilikuwa kizuri na saini ya formani ipo. Akafungua soketi ya katikati, akatenganisha waya, akapima nusu moja moja. Nusu ya upande wa dibii, sanduku la breka, nzima. Tatizo liko mbele. Akapima tena mpaka akabaki na kipande baina ya soketi ya pili na ya tatu, akakata bodi mraba mdogo. Skrubu moja ilikuwa imeikosa chaneli, ule mhimili wa bati unaoshika bodi, imeingia pembeni na kupita katikati ya waya wa soketi, ncha yake imegusa laivu, waya wenye umeme, na ethi, waya wa ardhini, kwa pamoja. Fundi jipsamu aliinama, akaitazama, akaenda mwenyewe kuchukua kipande cha bodi. Hakuna aliyefokewa. Ile namba ya kwanza isingekuwepo, wangeshinda pale hadi magharibi, na kontrakta angemkata fundi umeme fedha, kwa kuwa hitilafu ya umeme kila mtu huanza kwa kumtazama fundi umeme.

Lakini na wewe timiza wajibu wako. Waya upande wima kutoka kwenye boksi, au ulale mlalo usawa wa maboksi. Ukiupitisha mshazari ili uokoe mita mbili, fundi jipsamu hana namna ya kujua ulipo, na skrubu ikiutoboa lawama ni yako. Panapopita kwenye tundu la chaneli weka raba au paipu, maana ukingo wa bati unakata ganda la waya taratibu, na siku ya kukabidhi utapima kizuri, kisha miezi ikipita utaitwa.

Taa za kuzama, zile zinazoingia ndani ya dari, nazo ni chanzo kikubwa cha ugomvi. Ramani inaonesha taa hapa, wewe unatoboa hapa, na juu yake imelala chaneli. Ukiikata chaneli ya mwenzio dari italegea na mstari wa kiungo utapasuka, na hasira yake itakuwa ya haki kabisa. Dawa yake ni nyepesi mno hata nashangaa haifanywi kila saiti: kabla hajaanza kufunga fremu, chora nafasi za taa zote sakafuni kwa chaki, pandisha juu kwa timazi, kisha mkae pamoja. Kwake kuisogeza chaneli inchi chache wakati huo hakugharimu kitu. Feni mwambie mapema zaidi. Feni hainingʼinii kwenye bodi, inashikwa na zege au boriti, na hiyo ndoano lazima iwepo kabla yeye hajaanza.

Kuhusu Ijumaa: Alhamisi jioni semeni na formani, kwa majina ya vyumba, nini kifungwe na nini kiachwe wazi. Timu nyengine huendelea na kazi wakati wewe uko msikitini, na ukirudi ukakuta dari ya korido imefungwa hujapima, huna wa kumlaumu ikiwa hamkuagana.

Mji Mkongwe ni habari nyengine. Kuta zile za mawe na chokaa usiziparamie kwa grenda kama tofali za majengo mapya ya Fumba; uliza kwanza kibali kinasema nini, na mara nyingi utaishia kupitisha waya juu ya ukuta au nyuma ya kasha la jipsamu mlilokubaliana.

Sasa fedha. Waliokuwepo Unguja mwisho wa 2009, kisiwa kilipokaa gizani karibu miezi mitatu, hawashangai kwamba kila mwenye hoteli anataka jenereta, na siku hizi na sola. Mara nyingi hulikumbuka hilo dari ikiwa tayari imefungwa. Kontrakta atakwambia, "Ongeza tu, tutamalizana." Mjibu kwa adabu, "Sawa bosi, nakuandikia bei sasa hivi," na umtumie kwenye simu kabla hujagusa bodi: pointi ngapi, bei gani, nani anaziba tundu na nani anamlipa fundi jipsamu kuziba. Hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa, na ndilo litakalomfanya mwenzio akusimamie mlangoni.

Na mkataba wako, hata ukiwa wa karatasi moja, ugawe malipo hivi: sehemu ukimaliza paipu na maboksi, sehemu kubwa ukishavuta waya na kupima, kabla bodi haijapanda, na iliyobaki ukifunga swichi, soketi na taa. Vijana wengi huacha fedha nyingi kwenye hatua ya mwisho, na ile ndiyo hatua ambayo kila nyufa ya dari itatafutiwa mtu wa kuilipia.