Mkuu usipande milingoti (mikaratusi) bondeni, nakuambia mimi niliyekausha mfereji wa mama mkwe

Mkuu acha. Acha kabisa, hiyo hela ya miche irudishe mfukoni kwanza ndo usome.

Umesema una eka tano Njombe, juu mteremko, chini bonde lenye unyevu na kamfereji, unataka juu uweke viazi na chini milingoti maana pale maji yapo itakua haraka. Hapo kwenye haraka ndo presha ikanipanda. Mengine uliyouliza, nafasi, mbolea, sijui paini au mlingoti upi unalipa, tutafika. Labda.

Mimi niko Mufindi. Bonde letu lilikuwa kinyungu cha mama mkwe, yaani bustani ya bondeni ya kiangazi, kiangazi chote analima maharage na mahindi, wenzake wamekaa wanasubiri mvua za Novemba na yeye bado ana kitu cha kuuza. Nikaja mimi msomi na simu yangu. Kulikuwa na jamaa anauza miche, anajiita mtaalamu wa misitu, akasimama pale ukingoni akaniambia ardhi hii imelala bure, ukiweka milingoti hapa utavuna nguzo za umeme wakati wenzako wa mlimani bado wanapalilia. Nikamuuliza, na maji je? Akacheka, akasema miti ndo inaleta maji, kwani shule ulienda kufanya nini? Nikaona aibu kuuliza tena. Yule mtu popote alipo namuombea apate shamba zuri la bondeni, halafu jirani yake wa juu niwe mimi.

Na kweli ilikua, hapo hakudanganya. Nikawa napiga picha natupia grupu la familia, mama mkwe anaangalia ananyamaza. Mwanzoni hamna kitu. Baadaye mfereji ukawa unakatika Septemba, msimu uliofuata Agosti, mwisho ukawa unakauka Julai haijaisha, na majirani wa chini wanaotegemea maji yale yale kwa mboga na kisima wakaanza kunipita bila hata salamu ya kamwene. Nikaitwa kwa mwenyekiti wa kijiji. Nikajitetea kwa mabadiliko ya tabianchi (nilikuwa nimejiandaa kabisa), mzee mmoja akauliza mbona bonde la pili mvua ni ile ile na maji yapo? Nikanywa maji. Ya chupa.

Sikia inavyokuwa. Nyasi za bondeni kiangazi zinanyauka, zinapumzika. Mlingoti haupumziki, una majani mabichi mwaka mzima, na wewe umeuwekea mizizi juu ya maji yenyewe, unavuta mchana kutwa na kuyapeleka hewani. Na kadiri unavyokua kwa kasi ndo unavyokunywa. Afrika Kusini walishapima hii kitu zamani, kule Mokobulaan, Mpumalanga. Bonde la nyasi wakalipanda mlingoti aina ya Eucalyptus grandis mwaka 1969, hiyo hiyo grandis tunayouziwa huku, mwaka wa tisa kijito kikakauka kabisa. Bonde lingine wakaweka paini, Pinus patula, mwaka 1971, likakauka mwaka wa kumi na mbili. Kwa hiyo swali lako la paini au mlingoti, kwa bondeni unachagua tarehe ya kukauka tu. Kinachouma zaidi, ile milingoti waliifyeka ikiwa na miaka 16 na bado maji hayakurudi sawasawa mpaka ikapita mitano mingine. Ndo maana sheria yao ya maji ya 1998 inalihesabu shamba la miti la biashara kama kitu kinachopunguza maji ya mito, unaombea kibali.

Sasa mimi kijiji kiliamua nitoe. Miti haijafika nguzo, haijafika mbao, nikauza fito na kuni kwa bei ya kuonewa huruma. Nikajua nimemaliza, kumbe mlingoti ukiukata ndo umeuchokoza, kisiki kimoja kinatoa machipukizi kibao na mizizi chini ni ile ile ya mti mzima, yanakunywa kama kawaida. Ikabidi nilipe vijana wang'oe visiki, kimoja kimoja, kila kisiki na bei yake, na wanakuambia kabisa boss hiki kikubwa ongeza. Ile hela ya nguzo niliyoipigia hesabu kwenye daftari waliila wao, na nilikuwa sijaipata bado.

Udongo nao. Ule mweusi wa bondeni zamani ukiukamata unabonyea unatoa maji. Ule umejengwa na majani yaliyooza nusu nusu miaka na miaka kwa sababu maji yalizuia hewa, ukiyaondoa maji hewa inaingia, unaoza unaisha, ardhi yenyewe inashuka. Wetu ulisinyaa, ukapasuka, ukawa vumbi jepesi, na ukishakauka kiasi kile unayakataa maji. Mvua ya kwanza nimesimama naangalia, yanateleza juu kama umemwaga kwenye turubai, ukichimba kidogo chini kukavu kabisa. Tumeziba mitaro ya kutolea maji, tumemwaga samadi, unarudi kidogo kidogo. Mama mkwe mpaka leo akinipa chai anauliza "maji yametosha baba?"

Na hilo la miti inaleta maji, msitu wa asili kule juu wenye majani yaliyorundikana, minyoo na mizizi ya kila saizi, udongo wake una matundu, unameza mvua na kuitoa taratibu kiangazi. Huo ndo watu wanausema. Muuza miche aliuchukua huo akauzia miche ya nguzo.

Kwa hiyo bondeni usiguse, mita 60. Sheria yetu ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Najua kuna atakayekuja kuniambia hata kinyungu kiko ndani ya hizo 60, sawa, ila sijawahi kuona maharage yamekausha mfereji. Acha nyasi, acha matete, ukitaka mti weka mivengi, ile miti ya asili ya kwenye vyanzo vya maji. Milingoti peleka kilimani pakavu. Viazi vyako vya juu matuta yakinge mteremko, usiyashushe kuelekea bondeni hata kama majirani wote wanashusha, utaukuta udongo wako mfereji mzima umejaa.

Nafasi uliyouliza ilikuwa ya milingoti ya bondeni kwa hiyo haina jibu.

Na hizo 60 pima kwa kamba, hatua za miguu zinafupika ukiwa na tamaa, mimi nazijua. Anzia pale maji yanapofika masika, usianzie yanapoishia Oktoba.