Ukiambiwa "Punguza Mawazo", Unapunguzaje?

Tangu nigusie lupus kwenye safu hii, maswali hayajakatika, mengi kutoka kwa akina mama. Si ajabu, maana katika wagonjwa 10 wa lupus, 9 hivi ni wanawake. Kwa aliyekosa mara ile: ni ugonjwa ambao kinga ya mwili inamgeukia mwenyewe, ikashambulia ngozi, maungio, figo, hata mapafu. Hauambukizi. Leo tujibu ya msongo wa mawazo.

Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu, Tukuyu. Kila nikienda kliniki naambiwa "punguza mawazo". Nayapunguzaje, wakati ada za watoto na huu ugonjwa ndiyo mawazo yenyewe?

Marahaba mwanangu. Kauli hiyo hata mimi inanikera. Ni kama kumwambia mwenye njaa apunguze njaa. Ila aliyekuambia hakukosea. Wagonjwa wengi wanaona wazi kwamba baada ya msiba au ugomvi mkubwa, maungio yanavimba upya na uchovu unarudi. Msongo unavuruga homoni, unaiba usingizi, na asiyelala maumivu humzidi.

Tiba yake ni kazi, siyo neno la mlangoni. Mwanasaikolojia au mshauri nasaha aliyesomea anakaa nawe, kwa kawaida mara moja kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Mnachukua wazo moja mnalifumua. Dada mmoja alikuwa anakuja kwangu na daftari la hesabu la mwanawe. Kila jioni aliandika kilichotokea, alichowaza, na mwili ulivyofanya. Jumanne moja aliandika: "Mkono umeuma nikimenya ndizi. Nimewaza figo zinakufa. Moyo mbio, sijalala." Tukafungua kadi yake ya kliniki. Kipimo cha mkojo cha mwezi uleule kilikuwa safi. Hofu haikuisha siku hiyo, lakini aliona mahali ilipoanzia: kwenye ndizi, siyo kwenye figo.

Utafundishwa na kupumua. Vuta hewa puani ukihesabu mpaka 4, itoe ukihesabu mpaka 6, tumbo ndilo lipande, siyo mabega. Dakika 5, asubuhi na kabla ya kulala. Na utafundishwa kugawa nguvu, ambapo wengi ndipo wanapoharibu: akiamka vizuri anafua nguo za wiki nzima, kisha siku tatu haamki. Fua nusu, ukae.

Ada tiba hailipi. Nenda kwa mhasibu wa shule kabla hajakuita, muombe ulipe kidogo kidogo. Linalotatulika litatuliwe, ubaki na yale ya kupumulia.

Kwetu Makete, baridi ya Juni na Julai vidole vinakuwa vyeupe, halafu vya bluu, vinakufa ganzi. Cha ajabu hata nikigombana na mume wangu, tena tuko ndani kwenye joto, vinageuka. Nimerogwa?

Hujarogwa. Mishipa midogo ya damu kwenye vidole inabana ghafla. Hali hiyo inaitwa Raynaud, na wenye lupus wengi wanayo. Vichochezi vyake vikubwa ni viwili, baridi na msongo, kwa hiyo Julai na mumeo wanafanya kazi moja. Ugomvi ukianza kupanda, toka nje ya maneno kwanza, pumua kama nilivyoeleza hapo juu.

Glavu zivaliwe kabla ya kutoka, siyo vidole vikishageuka, na kifua kifunikwe pia. Ukivipasha tumia maji ya uvuguvugu, maana kidole chenye ganzi hakijui kuwa kinaungua. Sigara, kama unavuta, acha. Kidonda kikitokea kwenye ncha ya kidole, hospitali. Na jamani, jiko la mkaa msilale nalo chumbani. Kila msimu wa baridi tunazika watu kwa hilo.

Nimeambiwa kutembea kunapunguza msongo, lakini jua linanitoa madoa usoni. Nifanyeje? Iringa.

Tembea kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni, kofia pana, mikono mirefu. Huku kwetu nyanda za juu ubaridi unatudanganya: hujisikii kuungua, kumbe kadiri unavyopanda juu ndivyo miale ya jua inayoamsha lupus inavyokuwa mikali. Mawingu hayaizuii yote.

Tangu nianze prednisoloni silali, nalia ovyo, nawafokea watoto. Ni mimi au ni dawa? Njombe.

Inaweza kuwa dawa. Prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga iliyotengenezwa kwa mfano wa homoni ya mwili, inajulikana kwa kuchezea usingizi na hisia, hasa dozi ikiwa kubwa. Lupus yenyewe pia inaweza kugusa ubongo, kwa hiyo usijihukumu wala usijitibu. Mweleze daktari hivyohivyo ulivyoniandikia, na umuulize kama unaweza kuimeza yote asubuhi. Ukianza kuwaza kujidhuru, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda leo, na mtu wa kukusindikiza.

Mke wangu ana lupus ila haonekani mgonjwa. Analala mchana. Ni uvivu? Uyole.

Hapana baba. Uchovu wa lupus hauonekani kwa macho wala hauishi kwa usingizi wa usiku mmoja. Chota maji wewe.

Mchungaji amesema nikiendelea kumeza dawa nitakuwa sina imani.

Omba, na umeze. Wapo ambao maombi na kwaya vinawatuliza kuliko kikao changu, na siwaonei wivu. Lakini prednisoloni haikatwi ghafla: ukiitumia kwa muda, mwili unapunguza kutengeneza homoni yake, ukiacha kwa kishindo unaweza kuanguka na kufa. Inapunguzwa taratibu, na daktari. Mwonyeshe mchungaji maneno haya. Akishikilia, mlete kwangu tuongee, chai ipo.