Sanduku la Wasomaji: Daraja la Kyaka lilipovunjwa

SWALI: Shikamoo Mzee. Bibi yangu ni mtu wa Kakunyu. Mwaka 1978 alikimbia vita akiwa na mama yangu mgongoni. Husimulia vizuri, ila akifika kwenye daraja la Kyaka hunyamaza. Shuleni tulifundishwa kwamba Amin alivamia, tukampiga, basi. Watu wa ng'ambo ile ya mto yaliwakuta yapi? Na kwa nini hawakuondoka mapema? — Msomaji, Mwanza.

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Msalimie sana bibi.

Anza na ramani. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani waligawana nchi kwa mstari ulionyooka, nyuzi 1 kusini ya ikweta, bila kuujali mto. Ndiyo maana kuna kipande cha Tanzania, kilomita za mraba zipatazo 1,800, kilicho kaskazini ya Mto Kagera. Kakunyu, Minziro, Bunazi na Mutukula zimo humo. Mwenye gari aliyetaka kufika Bukoba alipita daraja la Kyaka.

Kuhusu kutoondoka mapema, nakuomba usiwalaumu. Walikuwa wamezoea. Mwaka 1972 ndege za Amin zilidondosha mabomu Bukoba na Mwanza, kisha mambo yakatulia. Oktoba 1978 askari wake walipoingia Kakunyu na kuchoma nyumba, wengi walidhani ni yaleyale. Na nani anaacha migomba, kahawa ikiwa uani na ng'ombe zizini kwa sababu ya fununu? Jeshi letu mpakani lilikuwa dogo, na wanakijiji hawakuwa na wa kuwaambia ukweli huo.

Tarehe 30 Oktoba wakaja kwa maelfu, na vifaru. Tarehe 1 Novemba redio ya Uganda ikatangaza kwamba eneo lote hadi mtoni ni lao. Siku mbili baadaye wakalilipua daraja. Ndege zao zilikuwa zimejaribu kulipiga zikashindwa, ndipo baruti ikategwa na mtaalamu wa migodi ya Kilembe. Walikusudia kulizuia jeshi letu lisivuke, lakini waliozuiwa siku ile walikuwa akina mama wenye watoto.

Mimi nilikuwa kijana, kwetu Kiziba. Madarasa ya shule yetu yalijaa watu. Namkumbuka mama mmoja aliyefika na sufuria ya ndizi zilizoiva nusu, ameishika vilevile alivyoiepua jikoni, nguo zikiwa na tope hadi kifuani. Alikuwa amejificha kwenye mafunjo kando ya mto mchana kutwa, usiku akavushwa kwa mtumbwi. Mwenye mtumbwi alivusha watoto kwanza. Mumewe alirudi kumfungua ng'ombe, na hakuonekana tena. Ulikuwa msimu wa senene. Jioni zilianguka tele kwenye taa za shule, na wale watu, ambao mwaka mwingine wangekesha wakizikamata, hawakunyanyuka.

Wapatao 40,000 walikimbilia kusini. Raia waliouawa hukadiriwa kuwa 1,500 hivi. Ng'ombe wa ranchi ya Kitengule waliswagwa kwa maelfu kuelekea Uganda, na kiwanda cha sukari cha Kagera kikaharibiwa. Jeshi letu lilipotandika daraja la muda na kuvuka, mwezi uleule wa Novemba, lilikuta vijiji vitupu na maiti zisizozikwa. Baada ya hapo unajua: Mutukula ya upande wa Uganda ikatekwa Januari 1979, Kampala ikaanguka 11 Aprili. Vitabu hukimbilia huko. Mimi naona vimewaruka watu wa mtoni, na linaniuma, kwa sababu wao ndio waliokuwa ndani ya vita kabla hata Mwalimu hajatuambia redioni kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga tunavyo.

Bibi akinyamaza, usimshurutishe. Muulize mengine: walivukia wapi, nani aliwapa mahali pa kulala, waliporudi walikuta nini shambani. La daraja litakuja lenyewe, au lisije.

SWALI: Je, ni kweli mkoa wetu ulipata jina kwa sababu ya vita? Na waliokufa wamezikwa wapi? — Msomaji, Muleba.

JIBU: Mkoa uliitwa Ziwa Magharibi, ukawa Kagera mwaka 1979, vita vilipokwisha. Askari wetu wamezikwa Kaboya, hukohuko kwenu Muleba, na kila kaburi linatunzwa. Pale Kyaka yapo magofu ya kanisa lililobomolewa vitani. Raia walizikwa migombani kwao, pengine bila jina. Wasomaji wa Bunazi, Minziro na Kakunyu, niandikieni majina ya wa kwenu na kijiji walichotoka. Nitayachapa hapa kila toleo, nafasi ikitosha au isitoshe.