"Asiyepumua hasemi": neno linaloua watu

SWALI: Daktari, assalaam alaykum. Mtoto wa kaka yangu ana miaka 24, ana sukari na anachoma insulini. Juzi alasiri, naye amefunga, alikutwa sokoni anatoka jasho, anatukana watu na kusukuma meza. Wakadhani kalewa, wakaita askari. Walimlaza kifudifudi, pingu mgongoni, mmoja kamwekea goti. Alikuwa akilia "sipumui", wakamjibu asiyepumua hasemi. Sasa yu mzima ila mkono una ganzi. Je, walifanya sawa? Na zile nguvu kazipata wapi?
Msomaji, Wete

JIBU: Wa alaykum salaam, dada. La mkono kwanza. Pingu ikibana sana hukandamiza mshipa wa fahamu unaopita kwenye kifundo upande wa kidole gumba. Ganzi ikiwa nyuma ya gumba tu, aghalabu huondoka yenyewe kwa wiki au miezi. Akishindwa kushika kikombe, mpeleke hospitali wiki hii.

Zile nguvu ni za sukari kushuka. Ikifika chini ya 3 kwenye mashine ya kupimia (kwa mmol/L), ubongo unakosa chakula chake na mwili unamwaga adrenalini, ile homoni ya taharuki: jasho, kutetemeka, ukali, maneno yasiyoeleweka. Ukimkaba atakupiga bila kujua kuwa ni wewe. Dawa ni vijiko vinne vya chai vya sukari katika nusu kikombe cha maji, maadamu anaweza kumeza, kisha pima tena baada ya dakika 15. Asiyeweza kumeza asitiwe kitu mdomoni. Huyo ni wa glukosi ya mshipa. Na kujichoma kidole kupima hakuharibu saumu. Ikishuka chini ya 3.9 afungue, hata kama adhana ya magharibi imebaki dakika kumi.

Kinachonichosha ni hilo "asiyepumua hasemi". Nalisikia kwa askari, kwa ndugu wa mgonjwa, hata kwa wahudumu waliosoma. Pumzi moja ya mtu mzima aliyetulia ni kama mililita 500, na kama 150 katika hizo huishia kooni na kwenye mabomba ya hewa, hazina faida yoyote kwa damu. Sauti yenyewe inataka upepo mdogo tu. Basi mtu ataapa, atamwita mamake, na hewa inayofika ndani haimtoshi. Tena huyu amepigana, damu imejaa asidi, anatakiwa ahemee mara mbili tatu ya kawaida ili aitoe. Goti likiwa mgongoni mbavu hazifunguki, na tumbo limebanwa chini. Asidi inapanda, moyo unasimama. Dalili ya mwisho ni kunyamaza ghafla, na hapo ndipo husemwa "haya, katulia". George Floyd, Mmarekani aliyekufa chini ya goti la polisi kule Minneapolis tarehe 25 Mei 2020, alisema zaidi ya mara 20 kwamba hawezi kupumua.

Ikiwa hapana budi ashikwe, shikeni mikono na miguu, si mgongo wala shingo. Pingu zikishalia "ka", mgeuzeni ubavu au mkalisheni papo hapo. Mmoja wenu asiwe na kazi nyingine ila kutazama uso na kifua. Akinyamaza, mwangalieni kwa sekunde 10. Hapumui, mlazeni chali mumkandamize katikati ya kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Msisubiri ufunguo wa pingu utafutwe.

Kuna na wapenda njia ya mkato. Elijah McClain, miaka 23, huko Aurora, Colorado, Marekani, Agosti 2019: polisi walimkaba shingo, kisha wahudumu wa ambulensi wakamchoma ketamini, dawa ya usingizi, miligramu 500, dozi ya mtu mzito kuliko yeye. Siku chache baadaye akafa. Kwetu mkato ni kamba, na bwana wa mafusho anayeitwa kwa kuwa kijana "kapandwa". Shetani gani huyo anayeondoka kwa vijiko vinne vya sukari?

Na anayepiga simu naye apime maneno. Akisema "kuna kichaa anafanya fujo", watakuja na virungu. Aseme: "Kuna mgonjwa wa sukari, kachanganyikiwa, hana silaha, ndugu yake yupo hapa."